Kuku wa Sabuni wa Darasa la Saba

Jumatatu, 9 Mei 1994

Muhula wa pili umefunguliwa kwa matope na ugomvi. Matope ni ya barabara ya Ekero, ugomvi ni wangu.

Mwalimu mkuu, Bwana Wangila, alingoja tumalize chai ndipo akatangaza kwamba vile vipindi viwili vya Sanaa na Ufundi vya Alhamisi, vya kazi ya mikono, vitapewa Hisabati. Ati mtihani wa darasa la nane ni wa kuchagua jibu. Mtoto hatachonga chochote mbele ya msahihishaji, atatia alama kwa penseli tu, kwa hiyo nadharia yatosha. Mwalimu Osundwa wa Hisabati, ambaye ndiye naibu, alikuwa ameshachora ratiba mpya kwa rula. Wino wake ulikuwa umekauka, nikajua mambo haya yamepikwa likizoni.

Nilisema mengi. Mengine huenda nikayajutia Ijumaa, lakini leo bado. Mwishowe Wangila, ambaye hapendi kelele, akanipa muhula mmoja. Mkaguzi wa wilaya anakuja Alhamisi tarehe 21 Julai. Siku hiyo darasa langu la saba lionyeshe kazi ya mikono ambayo mkaguzi ataisifu kwa maandishi kwenye kitabu cha wageni. Tukishindwa, Alhamisi ni ya Osundwa, na mimi nitafundisha rangi za msingi ubaoni mpaka nistaafu.

Haya. Tutaonana Julai.

Alhamisi, 12 Mei

Udongo wa kufinyanga hakuna. Mahali tunapouchimba pamefunikwa na mto hadi mvua ziishe. Nikakusanya vipande vya chaki vilivyobaki kwenye madarasa yote, nikawagawia watoto wangu thelathini na wanane, kila mmoja atoe humo mnyama au chombo. Wembe nimekataa, sitaki damu. Wametumia ncha za bikari, pini na miiba ya mlimau.

Sheria ni moja, niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa: USIKATE, KWANGUA. Baada ya dakika kumi darasa zima lilikuwa likisikika tik, tik, tik, chaki zikivunjika. Osiako, ambaye ananizidi kimo na mdomo wake haujui likizo, alivunja nne. Akaniambia anachonga nyoka, na nyoka akivunjika hana hasara, wanakuwa wawili.

Mmoja tu hakuvunja. Rosebella, msichana wa dawati la nyuma ambaye hajibu swali mpaka aitwe jina mara mbili. Aliitandikia chaki yake leso, akawa anaigeuza taratibu, na kengele ilipolia alikuwa na sufuria yenye mfuniko. Ingetosha kumpikia mchwa mmoja. Nilifurahi nikasahau kuita majina.

Jumanne, 17 Mei

Osundwa aliingia ofisini na bikari tisa butu mkononi, akazipanga mezani pangu moja moja. Alisema hawezi kufundisha duara kwa vitu vilivyogeuzwa vijiko. Tena chaki za juma zima ziliisha jana, kwa sababu watoto wanazivunja nzima makusudi ili wapate "vipande". Hilo la chaki sikulijua. Nilimjibu vibaya hata hivyo.

Yule mtu akikasirika hapandishi sauti, anahesabu. Huo ndio ubaya wake.

Alhamisi, 19 Mei

Nimepata dawa: sabuni ya kufulia, ile ya mche. Kila mtoto alileta kipande cha upana wa vidole vinne. Sabuni haina kiburi. Hata Osiako ametoa tembo, ingawa mkonga umejaa kuliko mwili.

Shida ni kwamba sabuni mbichi inanata kwenye pini, na mvua hizi zinaizidisha. Cha Rosebella pekee hakikunata. Nilimwita mara mbili, akasema kwao sabuni inakaa kwenye kichanja juu ya meko. Basi kuanzia leo kila kipande kikae juu ya meko siku nne kabla hakijaguswa, na kazi zote zilale nyumbani, kwa kuwa kabati la shule linavuja.

Ijumaa, 20 Mei

Mvua.

Jumatatu, 23 Mei

Mvua. Tembo wa Osiako amefika shuleni akitoa povu. Mfuko wa shati la Osiako pia.

Alhamisi, 26 Mei

Nilikuwa katikati ya kipindi nikaona akina mama sita wamesimama mlangoni, hawabishi hodi, wananitazama tu. Mbele yao alikuwa Dorothy, mamake Rosebella, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi na maneno machache.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto anamalizanga sabuni yangu. Sasa tutafulia nini, tembo?"

Darasa lilikufa kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu dirishani nilimwona Osundwa amesimama na vitabu vyake, anasikiliza kwa raha zake.

Tulikaa nje kwenye benchi tukaelewana. Makwangu yote ya sabuni yatafungwa kwenye karatasi yarudi nyumbani, yaloweshwe, yafuliwe. Na zile sanamu nazo ni sabuni, hazikuzaliwa upya. Niliwaapia kwamba Alhamisi tarehe 21 Julai ikipita, kila kilichochongwa ni chao, wafulie wapendavyo. Dorothy alinifanya nirudie ile tarehe mara mbili. Kisha akasema sawa, akanisalimia vizuri kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

Jumatano, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Nimelala, nimefua. Katika mche wangu wa sabuni niliona ng'ombe aliyelala, nikashindwa kuukata.

Alhamisi, 9 Juni

Tembo, nyoka na magari ni mchezo, hayatamfanya mkaguzi ashike kalamu. Niliwauliza watoto: mgeni mkubwa akija kwenu, mnamwonyesha nini? Wote kwa sauti moja: ingokho.

Kuku, naam. Basi tumeamua kuchonga meza ya mgeni. Obusuma, yaani ugali, kwenye sahani, mboga, jagi la maji na beseni la kunawia, vikombe, vijiko, na katikati bakuli la kuku aliyekatwa vipande vyote, asikosekane hata shingo. Yote yaingie kwenye sinia moja. Kuku nimempa Rosebella. Osiako amepewa obusuma kwa kuwa ni mviringo tu, hata yeye hawezi kuiharibu.

Ubishi ukazuka juu ya imondo, ile firigisi. Ni ya nani mezani? Osiako akasema ni ya baba mwenye nyumba. Mwingine akasema kwao baba humpa mgeni akiwa mwanamume. Wakakubaliana wote kwamba haiguswi mpaka mwenyewe aketi. Kuku akiletwa mezani bila imondo, mpishi ana kesi. Ndipo Rosebella, bila kuitwa hata mara moja, akaniuliza kama mimi nimewahi kuila.

Nilifikiri. Nyanya yangu hakuonja kuku maisha yake yote, alikatazwa kwa kuwa ni mwanamke. Mama alikula mabawa. Mimi nimepika kuku wengi, nimesafisha firigisi zao, nimezipasua na kuzimenya ile ngozi ya njano ya ndani, nimezipanga juu ya bakuli mahali zionekane. Kupewa, sijapewa hata siku moja. Niliwaambia hivyo, kisha nikawaambia warudi kazini.

Jumanne, 14 Juni

Leo Osundwa amekuja na mfuko mzito akaumwaga mezani pangu bila salamu. Spoki za baiskeli, fupi fupi, zimepondwa ncha zikawa bapa na kunolewa. Thelathini na nane. Alizitoa kwa fundi wa baiskeli wa Ekero, kutoka kwenye magurudumu yaliyokufa, akazinoa mwenyewe kwa tupa.

"Sasa bikari zangu mniachie," akasema, akaenda zake.

Nilizihesabu tena nikitafuta kosa, maana kwa mtu huyo lazima kuna kosa. Hakuna.

Alhamisi, 16 Juni

Spoki zinafanya kazi vizuri kuliko chochote. Osundwa alipita mlangoni, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu akaingia. Alitazama sinia letu muda mrefu, nikajiandaa kupigana.

Akasema kijiko ni kirefu kuliko jagi. Akasema kikombe kile angekinywea ndovu. Kisha akatoa rula mfukoni, akauliza watoto kuku aliyepikwa ana urefu gani, akawatuma wawili nyumbani kwangu wakapime sahani na sufuria zangu halisi, haki ya Mungu, bila kuniuliza mimi mwenyewe. Akaandika vipimo ubaoni, akavigawanya vyote kwa nne. Kila kitu mezani kitakuwa robo ya chenyewe, si zaidi, si pungufu.

Alikula kipindi changu chote. Nilikasirika mpaka nikaona Osiako, ambaye tangu Januari anashindwa na uwiano, anafanya hesabu ya obusuma kichwani na anaipata.

Ijumaa, 24 Juni

Mvua. Osundwa amekataa beseni. Limezidi milimita tatu.

Jumatatu, 27 Juni

Beseni limekubaliwa.

Alhamisi, 7 Julai

Rosebella ameleta kuku. Ninaandika kwa haraka kwa sababu bado nimefurahi. Mapaja mawili, mabawa mawili, kifua, mgongo, shingo, kichwa chenye upanga, na imondo juu kabisa, ndogo kuliko punje ya hindi, imepasuliwa na kufunguka kama ilivyo hasa. Amevichonga vyote pamoja na bakuli lake katika kipande kimoja cha sabuni, ameng'ang'ana wiki tatu. Ukiinama unaona hata vitundu vya manyoya kwenye ngozi.

Osundwa alipima, akapima tena. Akarudisha rula mfukoni. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hana la kusahihisha. Kwa Osundwa hayo ni mashairi.

Jumatano, 20 Julai

Kila kitu tayari, sare zimefuliwa, Wangila amepakwa rangi ofisi. Saa tisa ikaja habari: barabara imekatika, malori ya miwa yamekwama yote, mkaguzi hawezi kufika kesho. Atakuja wiki ijayo, tarehe 28. Niliwaambia watoto wachukue kazi zao wakaziweke tena juu ya meko.

Wangila, namaanisha, ndiye aliyeipaka rangi. Nimechoka.

Jumatano, 27 Julai

Leo ningependa nisiandike, lakini nitaandika.

Saa nane mchana, tukiwa tunapanga sinia kwa ajili ya kesho, kuku tu akibaki kwa kina Rosebella aletwe asubuhi, Dorothy alitokea mlangoni na jani la mgomba mkononi. Alitutazama, akalitazama sinia, akayatazama yale madawati yaliyopambwa, na nikamwona anaelewa kitu kabla sisi hatujaelewa.

Alikuwa Musanda siku kumi kwa dada yake aliyejifungua. Amerudi leo asubuhi, mtoto akiwa shuleni. Akakuta nguo za safari zinanuka matope na sabuni hakuna, isipokuwa ile ya juu ya meko. Tarehe 21 imepita. Alihesabu vidole kwanza, akasema, ili asimkosee mwalimu. Akachukua kuku, akafua.

Alipomaliza ndipo jirani akamwambia mkaguzi hajaja bado. Alikimbia njia yote. Akafungua lile jani. Mle ndani mlikuwa na kijiganda chembamba cha sabuni, chenye kuteleza, kisichojaa hata kiganja cha mtoto.

Nilitaka kumfokea. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Halafu nikakumbuka nani aliyeapa, na nani aliyerudia ile tarehe mara mbili, na nani ambaye wiki nzima hakufikiria kutuma habari kwa akina mama. Dorothy alitimiza ahadi yetu neno kwa neno. Mimi ndiye niliyeisahau.

"Mama Rosebella," nikasema, "kosa ni langu."

Akakaa chini kwenye ngazi, akaanza kulia, na mimi nikakaa kando yake nikalia pia. Watoto walitutazama wasijue wacheke au walie. Kuchonga kuku mwingine haiwezekani. Sabuni mbichi inataka siku nne juu ya meko, na kesho ni kesho. Osundwa alikuja, akaona, akaenda kusimama dirishani na mgongo wake kwetu. Nilidhani anafurahi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema vumbi la chaki.

Rosebella alikichukua kile kijiganda, akakipangusa kwa leso, akaenda dawati lake la nyuma akaanza kukwangua. Nilimwacha. Nilifikiri anajifariji tu.

Sasa niko nyumbani nimeandika hotuba ya kuomba radhi, kurasa mbili. Ni mbaya.

Alhamisi, 28 Julai

Mkaguzi ni Bwana Kibiwott, mtu mrefu mwenye miwani, anayeuliza swali kisha ananyamaza mpaka ujibu. Alipitia madarasa yote akafika kwetu saa nne. Wangila nyuma yake, Osundwa nyuma ya Wangila. Sinia lilikuwa limewekwa mezani juu ya kitambaa changu cheupe.

Aliinama. Akatazama obusuma ya Osiako, jagi, beseni, vikombe. Akauliza mbona kila kitu kinaoana hivi, na kabla sijafungua kinywa, Osundwa alikuwa ameshasonga mbele na rula yake, anaeleza robo, anaita watoto mmoja mmoja waseme kipimo cha kitu chao. Walisema wote bila kukosea. Osiako alisema cha kwake na cha jirani yake pia.

Kisha mkaguzi akafika katikati. Pale palikuwa na sahani moja, na juu ya sahani kitu kimoja tu, kidogo kuliko punje ya hindi.

Akauliza kuku yuko wapi.

Nilishika zile kurasa mbili. Wangila alinitazama, nikaona Alhamisi zangu zote zinaondoka. Ndipo nikasikia kiti kikisogea huko nyuma. Rosebella alikuwa amesimama, hajaitwa na mtu.

"Mgeni alichelewa wiki moja," akasema. "Kuku ameliwa. Lakini imondo hatukugusa, tulimngojea."

Bwana Kibiwott alivua miwani. Kisha alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, jagi likatikisika, Osundwa akalidaka. Aliomba msamaha kwa kuchelewa, rasmi kabisa, akiielekea ile sahani. Akasema hata kwao wanajua nyumba inayomwekea mgeni sehemu yake. Akaichukua imondo kwa vidole viwili, akaitazama kwenye mwanga kila upande, ule mpasuo, yale makunyanzi ya ndani, akauliza imechongwa kwa chombo gani. Rosebella akamwonyesha spoki. Akauliza aliyeinoa. Osundwa akatazama dari.

Kitabu cha wageni kina mistari saba ya mwandiko wake. Sitainakili yote. Wa mwisho unasema vipindi vya Alhamisi visiguswe, na kwamba Hisabati ifanye hima kujiunga navyo. Wangila aliusoma mara mbili akasema ndivyo alivyofikiria tangu mwanzo. Nilimwacha aseme.

Ijumaa, 29 Julai

Tumefunga shule. Sabuni zote zimerudi kwa akina mama. Jua limewaka siku nzima.

Jumamosi, 30 Julai

Dorothy alituita kwake, mimi na Osundwa. Alimchinja jogoo wa kweli. Kuku kwa kuku, alisema, na hakutaka kusikia neno lingine.

Mumewe, Makhanu, anayekata miwa, alikuwa amevaa shati la Jumapili. Kabla ya kula Rosebella alituletea maji ya kunawa, na katika kisahani akaweka ile imondo ya sabuni. Nilisita. Nilimwuliza kama kweli anataka niinawie. Akasema tuliahidi sabuni yote itarudi kazini, na yeye ana mche mwingine juu ya meko, unakauka. Basi nikanawa nayo. Ilitoa povu kidogo, ikayeyuka yote mkononi mwangu, na moyo uliniuma na kufurahi kwa wakati mmoja.

Bakuli likaja, imondo ya kweli juu kabisa. Makhanu aliichukua, na kama inavyopasa akaiweka kwenye sahani ya mgeni wa kiume. Osundwa akashukuru. Mazungumzo yakaendelea, ya mvua, ya miwa. Mimi nilichukua bawa langu kama nilivyozoea.

Nikaona Osundwa hali kitu. Anaitazama tu sahani yake, uso ukiwa ule wa kukagua beseni. Mwisho akainyanyua imondo, akanyoosha mkono juu ya meza, akaiweka kwenye sahani yangu mbele ya mwenye nyumba na mkewe.

"Uwiano haukubali," akasema. "Mimi niliingia kazi hii kwa ajili ya bikari tu."

Makhanu aliacha kutafuna. Dorothy alimtazama mumewe. Makhanu akafikiri kidogo, kisha akasukuma chumvi upande wangu.

Nina miaka thelathini na sita. Imondo ni ngumu kidogo kutafuna kuliko nilivyodhani, na ladha yake ni ya nyama tu. Nimeila yote, taratibu, na sikumpa mtu.